Je, Kutoboa Bomba la Mafuta ni Ugaidi?

Ndugu zangu, tuanze na bomba lenyewe. Mwaka 2017, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, wanaharakati wa mazingira Jessica Reznicek na mwenzake walibeba vifaa vya kukatia chuma kwa gesi, wakatoboa vali za bomba la mafuta la Dakota Access, wakisema wanalinda maji na mito. Walipoanza, mafuta yalikuwa bado hayajapita humo. Miezi kadhaa kabla walikuwa wameshachoma moto mitambo ya ujenzi wa bomba hilo hilo. Hakuna aliyejeruhiwa. Julai wakajitokeza hadharani, wakakiri. Mwaka 2021 Reznicek akahukumiwa miaka 8 jela, na jaji akaongeza uzito wa adhabu kwa kigezo cha ugaidi.

Ugaidi haukuwa shtaka lake. Kigezo hicho huingia baadaye, wakati wa kupima adhabu: kosa hupandishwa ngazi 12 kwenye kipimo cha adhabu, na hata asiye na rekodi huhesabiwa kama mhalifu sugu. Kinachotazamwa hasa ni iwapo kitendo kililenga kuishinikiza serikali au kuilipizia kisasi.

Hapo siafiki. Mtu akichoma trekta ili alipwe bima, na mwingine akachoma trekta kama hilo kwa uchungu wa mto, zimamoto wanaingia kwenye hatari ileile. Wa pili anaongezewa miaka kwa sababu alitaka serikali imsikie.

Wenye msimamo tofauti hawasemi ovyo. Mwaka 1998 Earth Liberation Front, kundi la siri la watetezi wa mazingira, walichoma majengo ya kituo cha michezo ya theluji cha Vail, Colorado. Hasara ilifika dola milioni 12 hivi. Moto hauulizi nani amelala ndani. Lakini sheria ya uchomaji ipo kwa ajili hiyo, na ile ya serikali kuu ya Marekani huanzia miaka 5 jela. Si adhabu ya mchezo!

Uingereza, katika Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, iliingiza uharibifu mkubwa wa mali katika maana ya ugaidi. Azimio 1566 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2004, lilizungumzia kusudio la kuua, kujeruhi vibaya au kuteka watu. Mimi nasimama na azimio. Atakayetega bomu penye watu kwa jina la misitu, huyo ni gaidi, na misitu haimtetei. Aliyetoboa chuma ashtakiwe kwa uharibifu, afungwe, alipe. Reznicek aliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 3.