Tengeneza marhamu ya Galen jikoni kwako, hapa hapa Mbeya

Habari za muda huu, ndugu mtazamaji. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Wa Tukuyu na Kyela, ugonile. Tuko Mbeya, mwezi wa saba, na kama unaishi huku huna haja ya kuhadithiwa habari za midomo kukauka na magaga ya miguuni.

Leo tunatengeneza marhamu ya nta, mafuta na maji, basi. Inahusishwa na Galen, tabibu aliyezaliwa mwaka 129 huko Pergamo, mji ambao leo ni Bergama nchini Uturuki. Alianza kazi kwa kuwashona majeraha wale wapiganaji wa ulingoni, akaishia kuwa tabibu wa Kaisari Marcus Aurelius kule Roma. Marhamu yenyewe ni ya viungo vitatu tu, lakini kazi yote ya mfamasia wa zamani imo humo ndani.

Tuanze. Hapa mezani nina nta ya nyuki gramu 20, mafuta gramu 80, na maji gramu 30. Nta nimeinunua Mwanjelwa, imetoka kwa warina asali wa Chunya. Isogelee uione: ni njano inayoelekea kahawia, na ukiinusa ina asali na moshi kwa mbali. Ukipewa kipande cheupe pee kisicho na harufu yoyote, muulize muuzaji vizuri, isije ikawa nta ya mishumaa, ambayo inatokana na mafuta ya petroli. Galen alitumia mafuta ya zeituni. Mimi natumia ya parachichi, sisi si watu wa Nyanda za Juu Kusini bwana? Ila yale ya zeituni ya chupa ndogo yanayouzwa famasi nayo yanafaa. Maji yawe yamechemshwa. Ukipata maji ya waridi halisi, weka hayo.

Hatua ya kwanza ni kupima, na hapa naomba usiniletee kijiko. Nta iliyokwanguliwa hukaa na hewa katikati, kwa hiyo kijiko changu na kijiko chako havitalingana hata siku moja. Tafuta mizani ndogo ya jikoni. Watengeneza dawa wa Ulaya walikuwa wakipima kwa uzito wa punje ya nafaka, na punje moja ni kama miligramu 65. Kipimo hicho hakijafa. Nchini Marekani vidonge vingi vya aspirini na vya parasetamoli vina miligramu 325, namba inayoonekana ya ajabu mpaka ugundue kuwa ni punje tano.

Sasa kwangua nta kwa kikwangulio cha karoti. Ikiwa nyembamba inayeyuka haraka. Changanya na mafuta kwenye bakuli la kioo linalostahimili moto au la bati, halafu uliweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Bakuli lisitiwe moja kwa moja juu ya jiko, liwe la mkaa au la gesi. Nta ikizidi moto inashika moto, na moto wa mafuta hauzimwi kwa maji. Namna hii ya kupasha kitu juu ya maji inahusishwa na Maria, mwanamke Myahudi aliyefanya alkemia huko Aleksandria, Misri, karne za mwanzo baada ya Kristo. Huku kwetu inatufaa zaidi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar. Nta ya nyuki inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Joto linatosha kabisa, na haliwezi kupanda likaiunguza. Kitu cha kuangalia ni maji ya sufuria yasikauke.

Nta ikishayeyuka yote na mafuta yakawa maangavu, ipua. Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo twende polepole.

Maji yako yapashe moto nayo, yafike kama nyuzi 65, yaani kiasi cha kutoweza kuzamisha kidole. Kwa nini? Kwa sababu maji ya baridi yakigusa nta iliyoyeyuka, nta inaganda pale pale, unabaki na chengachenga zinazoelea ndani ya mafuta. Utadhani chenga za mchele. Vyote viwili viwe na joto moja.

Shika kipigio cha mayai, au uma kama huna. Mimina maji kijiko kimoja cha chai, piga. Usiongeze kingine mpaka hicho kiwe kimezama chote. Angalia hapa kwenye bakuli: mwanzoni yalikuwa ya dhahabu na unaona mpaka chini. Kijiko cha tatu, yameanza kuwa na ukungu. Sasa ona, yamekuwa kama rangi ya krimu, na kipigio kinaacha mfereji unaochukua muda kujifunga. Rangi haijatoka popote. Ni matone madogo sana ya maji yaliyotawanyika ndani ya mafuta, kila moja linarudisha mwanga. Nta inapopoa inakuwa nzito na kuyafungia matone hayo yasikutane. Ndiyo maana huruhusiwi kuacha kupiga mpaka bakuli lipoe kabisa mkononi. Ukiacha mapema, kesho utakuta maji yamejitenga na mafuta kama vile hujafanya kitu. Viwandani baadaye walianza kuongeza boraksi, aina ya chumvi ya madini, ambayo ikikutana na asidi za nta inatoa sabuni kidogo ya kushikilia mchanganyiko. Sisi tunatumia mkono, na hatuweki boraksi.

Paka kidogo nyuma ya kiganja. Umesikia ubaridi? Maji yanapokauka juu ya ngozi yanachukua joto, mafuta na nta vinabaki kuziba ngozi isipoteze maji yake. Haichubui wala haikufanyi mweupe, na anayekuahidi hayo kwenye kopo lisilo na maandishi, mkimbie.

Jaza kwenye kichupa kilichochemshwa na kukaushwa. Kwa kuwa ina maji na haina kihifadhi, tengeneza kidogo, weka mahali pa baridi, chota kwa kijiko safi, imalize ndani ya wiki mbili. Ikibadilika harufu, tupa. Isipakwe kwenye kidonda wala mahali palipoungua.

Halafu bandika karatasi: kilichomo, gramu zake, tarehe. Usilione jambo dogo, watu wamehangaika karne nyingi kuhakikisha dawa ina vipimo na muuzaji wake anaaminika. Tabibu Sabur ibn Sahl, aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu cha namna ya kuchanganya dawa na vipimo vyake, kikatumika hospitalini na kwenye maduka ya dawa ya dola ya Kiislamu. Sicilia, karibu mwaka 1240, Kaisari Frederick II alimkataza daktari kumiliki duka la dawa au kushirikiana na mwenye duka. Sheria ya akili kweli, nadhani kuna watu haijawafikia mpaka leo. London, mwaka 1617, watengeneza dawa walijitenga na chama cha wauza viungo vya chakula wakapata chama chao. Na hapa jirani, Ruvuma, mwaka 2003, ndipo ulipoanzia mpango wa Duka la Dawa Muhimu kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi: muuzaji asome kwanza, duka likaguliwe.

Kwa hiyo ukitengeneza ya kwako na mama nyumbani, endelea. Ukitaka kuuza pale stendi, vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, waone. Na siku utakapoandika kwenye kopo kwamba inatibu ukurutu au fangasi, hapo umeshaingia kwenye dawa, na hao ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Bakuli lifute kwa karatasi likiwa bado la moto, ndipo uoshe kwa sabuni. Nta isiende kwenye sinki, inaganda ndani ya bomba na fundi atakutoza hela. Swali la vipimo liandike hapo chini, useme na aina ya mafuta uliyotumia.