Volti 18 Hazipimwi Kebo Ikiwa Imechomolewa
(Mhadhara kwa mafundi wa runinga na wanagenzi, Kisumu)

Mafundi wenzangu, hamjambo. Wanaonijua wanajua nitakachosema, na wale wa nyuma pale wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitanyamaza siku mtakapoacha kuwauzia watu LNB, vile vichwa vya dishi vinavyopokea mawimbi, wasizozihitaji.

Mteja anakuja: "Fundi, chaneli nusu zimepotea." Kwamba dekoda hutuma kwenye kebo volti 13 kuiagiza LNB ichukue mawimbi ya wima, na 18 ichukue ya mlalo, hilo mnalijua, silirudii. Swali langu ni moja. Ulipima volti kebo ikiwa imefungwa, au uliichomoa kwanza?

Kuna hoteli ndogo kule Ahero, watu huenda kula samaki na kutazama mpira. Chaneli ya mpira ilipotea, ya habari na ya mahubiri zikabaki safi kabisa. Fundi wa kwanza akapanda juu ya bati, akalizungusha dishi mpaka jua likazama. Wapi! Wa pili akamuuzia mama mwenye hoteli LNB mpya. Wapi! Wa tatu akasema ni mawingu ya ziwani. Jamani, mawingu gani hayo yanayochagua chaneli za mlalo yakaziacha za wima? Mvua ya Kisumu ikiamua kuziba, inaziba zote, na mpira na mahubiri.

Na msidhani hawa hawakuwa na mita. Yule wa pili alipima. Alichomoa kebo nyuma ya dekoda, akagusisha ncha za mita kwenye soketi, akasoma 18.3, akasema dekoda haina neno. Bila mzigo, yaani bila LNB kuvuta umeme! Hata chipu inayokata roho itakupa 18 kama haiombwi kitu.

Mimi nilifungua kifuniko cha dekoda, nikaiacha kebo imefungwa vilevile, nikaweka ncha ya mita kwenye mguu wa kati wa soketi kwa upande wa ndani. Chaneli ya wima: 13.2. Nikabonyeza ya mlalo: ikapanda, ikayumba, ikashuka hadi 14 na ushee, ikakaa hapo. Sasa, LNB haijui nia yako. Inasoma volti tu. Chini ya 14 hivi inakupa wima, kuanzia 16 kwenda juu inakupa mlalo, na hapo katikati ni bahati nasibu.

Volti hizo zinapotelea wapi? Dekoda nyingi hizi hulishwa volti 12. Huwezi kuchota 18 kwenye 12, lazima uzipandishe. Hapo ndipo ilipo ile chipu ninayowahubiria kila mara: LNBH25 ya STMicroelectronics, A8293 ya Allegro, na ndugu zao. Ndani yake mna kazi mbili. Ya kwanza inapandisha volti kwa koili na dayodi, ikikata na kuwasha mara laki kadhaa kwa sekunde. Ya pili, rekebisho, inazisafisha na kuzishikilia palepale pa 13 au 18. Kinachonifurahisha ni kwamba kipandishi hakipandishi ovyo; huacha volti moja au mbili tu juu ya kinachotakiwa. Zamani tulikuwa tukiipa rekebisho volti 24 muda wote. Ukitaka 13 kwa miliampea 300, volti 11 zinateketea bure, yaani wati 3.3 za joto. Ndiyo maana dekoda zile zilikuwa zinapasha mkono.

Kule Ahero chipu haikuwa na ubovu. Kilichokufa ni kapasita baada ya ile dayodi, kichwa kimevimba, kinaonekana hata bila miwani. LNB inakula kama miliampea 150. Kwa volti 18 hiyo ni wati 2.7, na kapasita iliyokauka haiwezi kuzuia volti zisishuke chini ya mzigo huo. Nikaweka nyingine, maikrofaradi 100, volti 35, ya aina inayohimili masafa ya juu. Bei yake haifikii nauli ya matatu kutoka hapa hadi Kakamega. Watu wakatazama mpira jioni ileile.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, dekoda siku hizi ni rahisi, si anunue mpya?" Kwako wewe ni rahisi. Yule mama alikuwa ameshalipa mafundi watatu. Na ukiibadilisha dekoda bila kupima, kesho adapta mbovu ya volti 12 itakuonyesha dalili zilezile kwenye dekoda mpya, na utaanza tena kuyalaumu mawingu.

Kama hutaki kufungua kifuniko, beba risista ya omu 120, wati 5. Ifunge kati ya mguu wa kati na ganda la soketi, kisha pima. Kwa volti 18 inavuta miliampea 150, sawa na LNB. Usiishike kwa vidole, inachoma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka. Mita ikirukaruka, inapanda kidogo na kurudi sifuri kila baada ya kama sekunde moja, chipu haijafa. Imegundua shoti, imejizima, inajaribu tena. Tafuta maji kwenye koneta au uzi wa ganda unaogusa waya wa kati. Chaneli za masafa ya juu zikipotea zote, za wima na za mlalo, tatizo si volti, ni ule mlio wa kilohezi 22 ambao dekoda huutuma kwenye kebo kuiagiza LNB ihamie masafa hayo. Ukibadilisha chipu, ile pedi ya chini ishike lehemu vizuri, joto linatokea hapo. Radi za mchana huku kwetu nilitaka kuzipa nusu saa, lakini basi: dishi lifungwe waya wa ardhini, na kebo ichomolewe kabla ya mvua, si baada ya mshindo.

Na wewe uliyeuliza kuhusu aerial za kidijitali tulizoanza kufunga 2015: zile zenye kikuzi hulishwa volti 5. Usizifunge kwenye tundu la dishi hata kwa majaribio. Risista ziko kwenye kile kikopo, dekoda ziko mezani. Njooni wawiliwawili.