Mradi wa maonesho ya sayansi kwa maji ya tope na mbegu za mlonge

Hamjambo watazamaji, karibuni mezani. Hapa mbele yangu kuna dumu la maji ya bwawa, yana rangi ya chai ya maziwa kama mnavyoyaona, na kibakuli cha mbegu za mlonge. Vyote hivi havijanigharimu hata nauli ya daladala. Leo tunatengeneza mradi wa maonesho ya sayansi tangu mwanzo hadi siku ya majaji. Naongea hasa na walimu walezi wa klabu za sayansi na wazazi, ila wanafunzi msiondoke, kazi yenyewe ni yenu.

Tuanze na swali, maana hapa ndipo miradi mingi inapofia. Mtoto akisikia maonesho anawaza volkano ya kutoa povu au ubao wenye taa zinazowaka. Vinapendeza macho. Sasa muulize, "Umegundua nini?" Kimya. Mimi wanafunzi wangu siwapi mada. Nawatuma nyumbani wakatafute jambo ambalo watu wa kwao wanalifanya kila siku na hakuna aliyekaa akalipima. Mmoja akarudi na hili: bibi yake anatuliza maji ya tope kwa mbegu za mlonge. Bibi hajakosea. Kule Sudan, wanawake wa kando ya mto Nile wamekuwa wakifanya hivyo kwa maji ya mto tangu zamani.

Lakini "mlonge unasafisha maji" si swali, ni tangazo la dukani. Tuliligeuzageuza kwa wiki nzima likawa hivi: ni kiasi gani cha unga wa mlonge kinachong'arisha zaidi lita moja ya maji ya bwawa letu ndani ya saa mbili? Hapo ndani kuna kitu kimoja tunachobadilisha, ambacho ni unga. Kuna kitu kimoja tunachopima, ung'avu wa maji. Na kuna muda. Vingine vyote vinabaki vilevile: maji yaleyale, chupa za aina moja, mkorogo uleule.

Kabla hawajagusa chochote, waandike wanachotegemea kuona na kwa nini. Sababu wanaweza kuielewa hata wa kidato cha pili. Chembe za udongo kwenye maji zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana, na ndiyo maana tope laini linaweza kuelea siku nzima bila kutuama. Ndani ya mbegu ya mlonge mna protini zenye chaji chanya. Zinazishika zile chembe, chembe zinashikana kuwa madonge, na madonge ni mazito, yanazama. Haya yaandikwe kwenye daftari la mradi, kwa kalamu ya wino, na tarehe juu. Hakuna kufuta. Wakikosea wapige mstari mmoja, kosa liendelee kusomeka.

Sogeza kamera hapa. Chagua mbegu kutoka maganda yaliyokaukia mtini, ya kahawia. Menya lile ganda lenye mabawa mpaka ubaki na kiini cheupe. Kikiwa cha njano iliyokolea au kina ukungu, tupa. Twanga kwenye kinu kikavu hadi upate unga laini. Pima gramu 1. Kama shule haina mizani ya kupima vitu vidogo, kuna mizani ndogo za sonara, na wengi ukiwaomba kwa adabu wanakupimia. Changanya hiyo gramu na mililita 100 za maji safi, tikisa vizuri, kisha chuja kwa kitambaa cheupe. Hii ndiyo dawa yetu, na itumike leoleo, isilale.

Sasa hesabu, na waifanye wenyewe. Gramu 1 ndani ya mililita 100 maana yake kila mililita imebeba miligramu 10 za unga. Tunachukua bomba la sindano, lisilo na sindano tafadhali. Chupa ya kwanza haiwekwi kitu. Ya pili mililita 5, ya tatu 10, ya nne 20. Kwa lita moja ya maji tumepata miligramu 0, 50, 100 na 200. Ile chupa isiyowekwa kitu msije mkaiona ya bure. Maji hutuama hata yenyewe, na bila hiyo chupa hutajua lipi limefanywa na mlonge na lipi limefanywa na subira.

Koroga kwa kasi dakika 1, kisha polepole dakika 10. Hapo kwenye polepole watoto huchoka na kuanza kupiga stori, simama nao. Ni wakati huo ndipo madonge yanakua. Ukikoroga kwa nguvu unayavunja. Baada ya hapo acha chupa zitulie saa mbili, mahali pasipotikisika.

Kipimo chetu hiki hapa: chupa ndefu inayoonyesha, tumeikata shingo, kitako chake ni bapa. Chini yake karatasi yenye alama ya msalaba mweusi. Unachota maji ya juu bila kuvuruga mashapo, unamimina kidogokidogo huku unachungulia kutoka juu, na msalaba ukipotea unasimama na kupima kina kwa rula. Kina kikubwa maana yake maji mang'avu. Chupa ikijaa na msalaba bado unaonekana, andika "zaidi ya" kina hicho, usibuni namba.

Rudieni zoezi zima mara tatu. Najua, ni chupa 12 na mchana wote. Lakini mnamkumbuka Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, Tanzania, ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule wa baridi? Kila mtu anamtaja kwa ujasiri wa kuuliza. Mimi namtaja kwa kilichofuata: alirudia jaribio, Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam naye akalipeleka maabara, wakachapisha pamoja mwaka 1969, na hadi leo wanafizikia wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wawili walionyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini zaidi kwa sentimita 1 tu jibu linaweza kugeuka. Kwa hiyo kwenye mradi wetu msomaji awe mtu mmoja, dirisha lilelile, na asijue ni chupa ya ngapi anayosoma. Huyu mwingine ndiye aandike.

Matokeo yakigoma, msiyapake rangi. Mwaka mmoja kikundi changu hakikuona tofauti yoyote kati ya chupa zote nne. Mmoja alishaanza kulia. Kumbe walichota maji ya bomba wakatia udongo kiduchu, na mlonge haufanyi vizuri kwenye maji ambayo tayari yanakaribia kuwa safi, unahitaji tope la kutosha ili chembe zikutane. Wakaligeuza hilo kuwa swali la pili, na bango likawa tamu kuliko la kwanza. Na unga mwingi nao haumaanishi maji mazuri zaidi. Ukizidisha, mbegu yenyewe inayachafua.

Ukipata muda, ongeza chupa ya shabu, lile jiwe jeupe la kinyozi, wapate cha kulinganisha.

Jambo moja sitaki mzaha: hakuna kuonja. Maji yaking'aa bado yanaweza kuwa na vijidudu, lazima yachemshwe. Waandike hivyo kwenye bango, kwa herufi kubwa.

Bango lenyewe halina mengi. Swali juu, grafu katikati, picha tatu nne, maandishi yanayosomeka ukiwa umesimama mita mbili. Kama mnalenga Young Scientists Tanzania, au KSEF, yale maonesho ya sayansi na uhandisi ya wenzetu wa Kenya, someni masharti yao kabla ya kununua manila.

Mazoezi ya kujibu majaji fanyeni kwa lugha watakayotumia siku hiyo. Mwite mwalimu wa historia awahoji, huyo hatawaonea huruma: kwa nini saa mbili na si moja? Mngepewa mwezi mwingine mngefanya nini? Wazazi, mkae mbali na banda. Nimewahi kuona jaji akimuuliza mtoto, baba akajibu. Jaji akatabasamu, akaandika kitu, akaenda banda la pili.

Siku yenyewe fikeni mapema, kwa sababu chupa zinahitaji saa mbili kutuama kabla majaji hawajapita. Dawa itwangwe asubuhi hiyo. Na dumu la maji ya bwawa libebeni kutoka nyumbani, ukumbini mtakuta ya bomba tu.