Sufuria tatu, fomyula moja: kuoanisha data kwa parameta za pamoja na zilizofungwa

Karibuni, ndugu watazamaji. Niko nyumbani hapa Ujiji, Kigoma, na leo nitawaonyesha namna ya kuoanisha fomyula moja na seti tatu za data kwa mara moja, yaani kutafuta namba za fomyula (parameta) zinazoufanya mstari wake upite karibu kadiri iwezekanavyo na vipimo. Mimi hufundisha fizikia, na katika kazi zote za kompyuta hii ndiyo niipendayo zaidi, kwa sababu humlazimisha mtu aseme waziwazi ni kitu gani anaamini ni kilekile katika vipimo vyake vyote, na ni kitu gani anakubali kitofautiane.

Mezani mnaona sufuria tatu za aina moja, kila moja ikiwa na lita moja ya maji na kifuniko chake. Ya kwanza ilianza ikikaribia kuchemka, ya pili ikiwa na nyuzi 70 hivi, na ya tatu nyuzi 45. Mbili za kwanza nilizifuatilia kwa dakika 100 nikisoma joto kila baada ya dakika tano, lakini ya tatu ina dakika 30 tu, kwa kuwa kipimajoto chake nilikuwa nimekiazima na mwenyewe akakihitaji. Madirisha yalifungwa muda wote, kwa maana upepo wa ziwa ukiingia mchana, joto la chumba halitulii.

Fungueni lugha ya programu ya Python, pakieni maktaba zake za hesabu, NumPy na SciPy, someni faili tatu za vipimo. Hayo mnayajua.

Fomyula yetu ni ile ya kupoa inayotokana na wazo alilochapisha Newton mwaka 1701: J = C + (A − C)·e^(−kt). J ni joto la maji, C ni joto la chumba, A ni joto la kuanzia, k ni kasi ya kupoa, na t ni muda kwa dakika. Tukiioanisha na kila sufuria peke yake tutatafuta namba tisa. Lakini chumba ni kimoja na nimekipima, nyuzi 27, kwa hiyo C inafungwa, yaani inabaki 27 na programu haiitafuti. Sufuria zinafanana na maji ni sawa, kwa hiyo k ni ya pamoja. Kila sufuria inabaki na A yake, na namba za kutafuta zinakuwa nne.

Faida yake itazameni kwenye sufuria ya tatu. Nukta zake saba zimepangika karibu kama mstari ulionyooka, na mstari wa namna hiyo hauwezi kututofautishia k na C: ukiziongeza zote mbili kwa kiasi kinacholingana, mchoro haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ikishirikiana k na wenzake waliofuatiliwa kwa muda mrefu, upungufu huo unazibwa.

Sasa andikeni orodha p yenye k kwanza, kisha A ya kila sufuria kwa mpangilio wa faili, mkikumbuka kwamba Python huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo k ni p[0]. C msiiweke humo. Iandikeni juu kama namba ya kawaida, C = 27, kwa sababu least_squares, kitendaji cha SciPy kitakachotutafutia namba, haikubali mpaka wa chini na wa juu viwe sawa, na anayejaribu kuifunga C kwa njia hiyo atarudishiwa kosa.

Hapa naomba utulivu. Kwa kila sufuria, toeni joto lililopimwa kutoka kwenye joto la fomyula, mpate mabaki, kisha mabaki ya sufuria zote tatu myaunganishe kwa np.concatenate yawe safu moja ndefu. Msiyapandishe kipeo cha pili. Kujumlisha miraba, yaani mabaki yaliyopandishwa kipeo cha pili, ndiyo njia aliyoichapisha mwanahisabati Mfaransa Legendre mwaka 1805, na least_squares huifanya yenyewe ndani. Nilipoanza niliyapandisha mabaki kwa mkono wangu, programu ikapandisha tena, na kwa wiki nzima nilikuwa napunguza kipeo cha nne bila kujua, kwa sababu haitoi onyo lolote na jibu lake linapendeza machoni. Narudia: mabaki yaende yalivyo, na alama zake za kujumlisha na kutoa.

Namba za kuanzia: k iwe 0.02, na kila A iwe kipimo cha kwanza cha sufuria yake. Endesheni.

Subirini kidogo. Tazameni sufuria ya kwanza: nukta mbili za mwanzo zimekaa juu ya mstari, na nukta za mwisho za sufuria ya pili nazo zimeanza kuuacha. Nimeikumbuka sababu. Nilikiacha kifuniko cha sufuria ya kwanza wazi kwa dakika kumi ili kamera ione mvuke, na maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto jingi, kwa hiyo k ya dakika hizo si ya wenzake. Dai langu la k ya pamoja halikuwa kweli hapo, na kosa la sufuria moja likazivuta zote.

Naondoa vipimo vya dakika ya 0 na ya 5, bila kuugusa muda wa vilivyobaki. A ya sufuria hiyo sasa inamaanisha joto ambalo maji yangeanza nalo kama kifuniko kingekuwepo. Naendesha tena. Nukta zimetawanyika juu na chini ya mistari yote mitatu bila mpangilio, na k ni 0.014, yaani pengo kati ya maji na chumba hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 50 hivi.

Sasa, ili kupima kama dai la k ya pamoja linasimama, naziachia k za sufuria mbili zilizofuatiliwa kwa muda mrefu, kila moja na yake: 0.0139 na 0.0142, karibu sawa. Nazirudisha kuwa moja, kisha naiachia C, ambayo inaingia mwishoni mwa orodha p ili namba za nafasi zisivurugike. Programu inasema 26.8, na kipimajoto cha ukutani, mnakiona hapa, kinasoma 27.