Bathidei ya mtoto nchini Ujerumani: kuanzia kadi hadi simu ya bibi

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Naanza na tarehe, maana hapo ndipo wengi hukwama. Siku ya mtoto ikiangukia Alhamisi, fanyeni sherehe Jumamosi inayofuata, si iliyotangulia. Wajerumani wengi huamini kwamba kumpongeza mtu kabla ya siku yake kunaleta nuksi.

Kadi ya mwaliko itaje saa ya kuanza na ya kumaliza. Ukiandika 15.00 hadi 18.00, saa tisa kamili kengele inalia, na saa kumi na mbili wazazi wako mlangoni kuchukua watoto. Kwetu ukialika mtoto umealika nyumba nzima. Hapa anakuja aliyetajwa tu. Pilau na akina shangazi wapewe siku yao nyingine. Kuhusu idadi, kuna desturi ya kufuata umri: anayetimiza miaka 6 hualika wenzake 6. Kwa sebule ya ghorofani, hiyo inatosha kabisa. Ulizeni pia kuhusu mzio wa karanga, maziwa na mayai.

Sasa keki ya kupeleka chekechea. Waulizeni walimu kwanza, kwani chekechea nyingi hukataa krimu na chochote chenye mayai mabichi. Keki kavu ya trei haina shida. Pigeni mayai 4 na sukari gramu 250 mpaka yawe meupe mazito, ongezeni mafuta mililita 150 na maziwa mililita 150, kisha unga gramu 300 na iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Waliozoea ule unga wa Kenya wenye baking pauda ndani yake wakumbuke kwamba unga wa kawaida wa hapa hauna. Na pakiti ndogo ya baking pauda ya hapa imepimwa kwa unga gramu 500. Humu tieni vijiko 2 vya chai. Ikizidi, keki huumuka haraka, halafu hubonyea katikati. Trei ya sentimita 30 kwa 40, joto la 180, dakika 25 hivi: mtakata vipande 24.

Peremende laini za jeli zisomeni lebo. Nyingi zina jelatini ya nguruwe, na miongoni mwa wageni kuna watoto wa Kiislamu.

Mchezo unaopendwa ni Topfschlagen. Mtoto hufungwa kitambaa machoni, hupewa mwiko, hutambaa akigonga sakafu huku wenzake wakipiga kelele "baridi!" au "moto!", mpaka aligonge sufuria lililofunika zawadi. Tandikeni zulia nene, hasa Jumapili, kwa sababu ni siku ya utulivu na jirani wa chini anasikia kila pigo.

Mwisho, simu ya nyumbani. Dar es Salaam na Nairobi zinatutangulia saa mbili wakati wa baridi na saa moja kiangazi. Goma na Bujumbura saa moja wakati wa baridi, na kiangazi tuko sawasawa. Msingoje wageni waondoke, kwani wakati wa baridi Dar itakuwa imeshafika saa mbili usiku. Pigeni kabla ya keki kukatwa. Mpelekeni mtoto chumbani dakika tano azungumze na bibi bila kelele, halafu simu iletwe mezani, iegemezwe kwenye jagi, bibi naye aimbe.