Kipindi cha leo: Mabenchi mafupi na msalaba wa mpingo

DADA: Haya karibuni tena jamani, sisi tuko hapa Mtwara mjini ila leo maneno yetu yako huko njia ya Masasi kwenda Newala, kijijini kwa kina mama yangu, kuna kanisa dogo la Anglikana, bati limeshika kutu, na ukikaa tu magoti yanakuja kidevuni.

KAKA: We dada, magoti tena?

DADA: Mabenchi mafupi bwana! Mi miaka yote najua fundi alikosea vipimo, kumbe zamani Jumatatu mpaka Ijumaa lile jengo lilikuwa darasa, mabenchi ni ya watoto, Jumapili wazazi wao wanakuja wanakalia hayohayo.

KAKA: Na hayajavunjika mpaka leo?

DADA: Mninga ule kaka. Alafu hayana msumari hata mmoja, mguu umechongwa ulimi ukaingizwa kwenye tundu la ubao, pembeni kikapigwa kijiti, kikilegea wanatoa wanapiga kingine. Basi.

KAKA: Sasa nipe msalaba, maana ndo ulionipigia simu usiku.

DADA: Hahaa, uko pale altareni. Si unajua mpingo ndani mweusi ila nje kuna ule weupe, wachongaji wengi wanautoa wote. Huyu mzee wa Kimakonde kauacha kiunoni tu, ndo shuka la Yesu. Hakuna rangi wala nini. Nikiwa mdogo nilijua kitambaa kweli, nikawa nataka nikivute.

KAKA: Mpingo ulivyo mgumu vile, kwa tezo na patasi... na mzito, ukiutupa kwenye maji unazama.

DADA: Ijumaa Kuu wanaubeba vijana wawili na wanatoka jasho. Kitako chake sasa, watu wamepandana, mama, mtoto, babu, ule mtindo wa ujamaa, gogo moja. Kuna mzee wa kanisa alilalamika mbona vinyago altareni, mwenzake akamjibu hao si ndo sisi tunaosali humu.

KAKA: Safi sana. Ila kwa Waanglikana wa huku mti wenye habari zake sio kitu kigeni eti. Misheni ya Masasi imeanza 1876 na watu waliokombolewa utumwani, Askofu Steere kawaleta kutoka Unguja, na ni Steere huyohuyo aliyesimamia lile kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Mule ndani kuna msalaba wa mbao iliyotoka Chitambo, huko Zambia, kwenye mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone.

DADA: Ee, nimeuona, mdogo tu. Sasa nikiri dhambi zangu. Kuna mbao ya mbele, mnapopiga magoti kupokea komunyo, ilikuwa imeingia mabonde mabonde kwa mikono ya watu, laini kama sahani. Sisi vijana tukaona imechakaa, tukachanga hela, tukapiga msasa siku nzima alafu vanishi mikono miwili. Tunajiona mafundi kweli!

KAKA: Yarabi.

DADA: Jumapili bibi yangu, macho yake hayaoni vizuri, akafika pale akapapasa. Akapapasa tena. Sehemu yake haipo. Akasogea, akasogea, mpaka padri akasimama anamsubiri na kikombe mkononi. Na ile vanishi joto likizidi inanata, ukiinuka kiganja kinabaki nyuma.

KAKA: Pole mwaya. Na hayo mabenchi, nasikia msimu wa korosho uliopita kamati ikanunua viti vya plastiki?

DADA: Vimekuja, vya bluu. Mi nilienda na ugomvi wangu tayari, nafika nakuta mabenchi yametolewa nje chini ya mwembe, wamekalia watoto wa Sunday school. Miguu yote inagusa chini.