Viini Vitatu Vimekwenda Wapi?

Mafundi wenzangu, karibuni. Leo nimewaletea mgonjwa. Hii kompyuta hapa mezani ina prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600, iliyoingia sokoni mwaka 2007: viini vinne, yaani sehemu nne za kufanya hesabu ndani ya prosesa moja, 2.4 GHz. Inaendeshwa na Linux, na mwenyewe analalamika kwamba akifungua kurasa mbili tatu za intaneti, inakwama. Tazameni ukutani. Naandika nproc, amri ya kuhesabu viini. Jibu: 1.

Nawasikia huko nyuma: "Prosesa imekufa." Taratibu. Viini vitatu vife siku moja, cha nne kibaki kizima? Mimi sijaiona hiyo. Tumtafute aliyevificha.

Kwanza tuhakikishe, maana nproc huhesabu vile tu ambavyo programu imeruhusiwa kuvitumia. lscpu, amri ya kueleza prosesa, nayo inasema kimoja. Faili ya /sys/devices/system/cpu/present inasema 0, yaani kiini cha kwanza peke yake. Ingesema 0-3, tungejua vipo ila vimezimwa. Hapa kerneli, ule moyo wa Linux unaoendesha mashine, haina hata habari navyo.

Sasa uhondo wenyewe: cat /proc/cmdline. Haya ndiyo maneno ambayo kerneli iliambiwa ilipokuwa inawaka. Someni mwisho wa mstari: acpi=off. Tumempata.

Kompyuta ikiwashwa, kiini kimoja ndicho kinachoanza kazi; vingine vinasubiri kuitwa. Kerneli itawajuaje wa kuwaita? Inasoma majina kwenye majedwali ya ACPI, utaratibu wa kuieleza kerneli vifaa vilivyomo; yanaandaliwa na BIOS, ile programu ya madabodi inayoanza kabla ya Linux. Ukizima ACPI, umechana daftari la mahudhurio. Ziko madabodi zenye orodha ya akiba ya kizamani, hizo huponea. Hii haikuponea.

Aliyeandika hivyo hakuwa mchawi. Mashine ilikuwa inaganda ikiwaka, akaweka acpi=off, ikawaka, akalipwa. Simcheki, na mimi nimeshafanya hivyo, na mteja akanishukuru!

Msikimbilie kuhariri faili. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoipakia Linux mashine ikiwaka, nabonyeza e, nafuta neno lile, kisha Ctrl na X. Hilo ni la mara moja tu. Likiharibika, unazima na kuwasha, mambo yanarudi yalivyokuwa. Subirini... imewaka. nproc: 4. Sasa ndipo nafungua /etc/default/grub, nalifuta na humo, halafu sudo update-grub.

Ingeganda tena? Ningetazama kadi ya picha kwanza. Mara nyingi yeye ndiye mkorofi, na neno nomodeset likiwekwa kwenye mstari uleule linamtuliza bila kugusa viini.

Na mstari ukiwa safi lakini viini bado havionekani, ingieni BIOS. Baadhi zina sehemu ya kuzima viini. Kisha uname -r, amri ya kuonyesha jina la kerneli. Kwenye Debian 7 ya biti 32, toleo la zamani la Linux, jina hilo likiishia na 486, hiyo iliundwa kwa kiini kimoja tu. Wekeni ya 686-pae.

Haya, nani amekuja na mashine yake? Ilete hapa mezani.